Kulea mtoto asiye wako: habari za walezi katika Masisi, tangu zamani hata leo



Mwishoni mwa mwezi wa 1 mwaka 2026, huko Rubaya katika Masisi, mvua ilinyesha na udongo wa machimbo ya koltani ukaporomoka. Matangazo yalisema waliokufa wapita 200: wachimbaji, akina mama waliouza vyakula karibu na mashimo, hata watoto. Watu wakahesabu maiti, nayo ni kazi ya lazima. Lakini padri ana hesabu nyingine ya kufanya. Watoto wangapi walirudi nyumbani jioni ile wakakuta jiko baridi? Na nani aliwaita kula?

Jibu twalijua bila kuuliza. Aliwaita jirani, ao shangazi, ao nyanya mwenye kulima shamba la kukodi. Aliwaita sababu hakuweza kuona mtoto analala njaa mlangoni pake. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo, wala hakuna aliyerudi kumwuliza kama unga umebaki. Sisi mapadri twamsifu siku ya Mungu katika mahubiri, kisha twaenda zetu.

Nataka kuandika habari za mlezi yule. Historia ya inchi yetu yaonyesha kwamba moyo wa kumpokea mtoto wa mwingine haukukosa kati yetu. Kilichokosa mara nyingi ni mafundisho na msaada kwa yule anayepokea. Palipokosa hayo mawili, mtoto aligeuka mtumishi, ao mali ya watu, ao mtu asiyejua jina lake. Palipopatikana, mtoto alirudi kwa watu wake, ao alikua vema kwa mlezi. Tufuate basi habari hizo kwa utaratibu wa miaka.

I. Yatima alikuwa nani kwa wazee wetu?

Wanaosema Kinyarwanda humwita ndugu ya baba « data wacu », ndiyo kusema « baba yetu ». Sisi katika Kiswahili twasema baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo. Maneno hayo si heshima tu, ni sheria ya ukoo. Baba akifa, baba mwingine yuko, naye alijulikana tangu siku mtoto alipozaliwa. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi, kila watu wana desturi zao juu ya mahari na urithi, lakini katika jambo hili wanapatana: mtoto ni wa ukoo, hawi wa mtu mmoja peke yake.

Tuangalie vema desturi hiyo, sababu ndani yake mlikuwa na yale mawili niliyoyasema. Mafundisho yalikuwamo: msichana alibeba wadogo zake mgongoni miaka mingi mbele ya kuzaa wake, na kijana alimwona baba yake akiketi na mtoto wa marehemu kwenye chakula kimoja. Msaada ulikuwamo: shamba la ukoo lililisha wengi, nyanya akichoka mtoto alihamia kwa shangazi, na mtu aliyemtesa yatima aliitwa mbele ya wazee. Mlezi wa zamani hakuwa peke yake mlimani.

Lakini tusiwasifu wazee kupita kweli. Hadithi zilizosimuliwa motoni jioni zimejaa yatima anayetumwa kuteka maji usiku na kupewa ukoko wa chungu. Kama kosa hilo lisingalikuwapo, wazee wasingalihangaika kuwaonya watu kwa hadithi. Tena desturi hiyo ilikuwa na nguvu kwa muda ukoo ulipokaa pamoja. Ukoo ukitawanyika, nani atamwita mlezi mbaya mbele ya wazee? Swali hilo litarudi.

II. Sheria ya mwaka 1890 na mashamba ya misioni

Eklezia ilianza kazi hii katika Afrika kwa huruma ya kweli. Mwaka 1867 njaa na kipindupindu viliua watu wengi sana katika Aljeria. Askofu mkuu wa Alger, Lavigerie, alikusanya watoto yatima zaidi ya elfu moja, na katika taabu hiyo kilizaliwa chama cha Mapadri Weupe, mwaka 1868. Walipofika kwenye ziwa Tanganika walikomboa watoto kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, wakawalea. Tunda moja la kazi hiyo ni Adrian Atiman, aliyekombolewa utotoni mbali sana na hapo, akasomeshwa uganga katika Malta, akatibu wagonjwa wa Karema hata kufa kwake mwaka 1956. Wengi wetu twamjua kwa jina.

Lakini upande wa magharibi wa Kongo mambo yalichukua njia nyingine. Tarehe 12 mwezi wa 7 mwaka 1890 serikali ya mfalme Leopold II iliandika sheria iliyojipa ulezi wa watoto waliokombolewa utumwani, walioachwa na wasio na wazazi. Tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 1892 sheria nyingine iliruhusu misioni kupokea watoto hao na kushika ulezi wao. Mayezuiti wa Kwango wakajenga vijiji vidogo vya watoto, kila kimoja na shamba lake na kanisa lake dogo, chini ya katekista. Mashamba yalizaa, na watoto walijifunza kusoma na kusali.

Mwaka 1904, baada ya kelele nyingi katika Ulaya, mfalme alituma Tume ya kuchunguza, nao waamuzi watatu, Janssens, Nisco na de Schumacher, walitembea inchini wakasikiliza mashahidi. Maandiko yao yalitolewa mwaka 1905. Juu ya vijiji hivyo vya watoto walisema neno linalotuchoma hata leo: wengi wa wale walioitwa yatima hawakuwa yatima. Waliombwa kwa machifu, na machifu hawakuthubutu kukataa. Tena mtu aliyefiwa na baba, kwa desturi ya watu weusi, alikuwa na ukoo wa kumlea.

Kosa lilikuwa wapi? Si katika kulisha watoto wala katika kuwafundisha. Lilikuwa katika neno moja la sheria. Aliyeandika « yatima » katika Bruseli alifikiri baba mmoja na mama mmoja. Hao wakifa, mtoto ni wa serikali. Hakuuliza: nani wengine wanaitwa baba? Hakuna aliyekwenda kwa baba mdogo kumwambia: « Unamwacha mtoto huyu sababu gani? Unakosa nini cha kumlea? » Pengine angalijibu: nakosa jembe, ao namwogopa askari. Jembe moja lingalimweka mtoto nyumbani.

III. Watoto wa Save

Kisa cha pili ni karibu nasi zaidi. Katika Rwanda, pale Save, Masista Weupe walikuwa na nyumba ya watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama mwafrika. Serikali ya Wabeleji haikutaka watoto hao wakae vijijini; walitolewa kwa mama zao, wengine wangali wadogo sana. Uhuru ulipokaribia, kati ya mwaka 1958 na 1961, watoto karibu 300 wa Save walisafirishwa kwenda Ubelgiji. Huko wengine waliwekwa katika nyumba za watoto, wengine walipewa jamaa za kizungu kuwalea.

Jamaa hizo, nyingi zilikuwa za wakristu wema. Lakini ziliambiwa nini? Ndugu wa tumbo moja walitengwa, majina yalibadilishwa, makaratasi yalifungwa. Mtoto aliyemwuliza mlezi wake « mama yangu yuko wapi? » alimwuliza mtu ambaye mwenyewe hakupewa jibu. Upendo unaweza kumvika mtoto na kumshibisha, lakini hauwezi kumpa habari za ukoo wake kama habari hizo zimefichwa.

Miaka 60 ikapita. Mwaka 2017 askofu alisimama mbele ya baraza la Ubelgiji akaomba radhi kwa jina la Eklezia ya kule. Tarehe 4 mwezi wa 4 mwaka 2019 waziri wa kwanza Charles Michel aliomba radhi kwa jina la serikali. Na tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2024 tribinali ya rufaa ya Bruseli iliihukumu serikali ya Ubelgiji kwa ajili ya wanawake 5 waliotolewa kwa mama zao na kupelekwa misioni ya Katende katika Kasai. Ilisema tendo hilo ni kosa juu ya ubinadamu. Yafaa wanaseminari walijue neno hilo. Nyumba iliyowapokea ilikuwa ya misioni.

IV. Masisi na vita

Turudi sasa kwetu. Rubaya iko katika milima ya Masisi, mwendo wa kilometa 60 hivi toka Goma. Tangu mwaka 1937 serikali ya Wabeleji ilihamisha watu wengi toka Rwanda kuja Gishari na milima ya jirani, kwa njia ya ofisi iliyoitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Wahunde waliona mashamba yao yakipungua, na waliofika waliacha sehemu ya ukoo wao ng'ambo ya mpaka. Hivyo Masisi ikawa inchi ya majirani wa lugha mbili na zaidi. Walioana, waliuziana maziwa na maharagwe, walisali pamoja. Lakini matata ya mashamba yalibaki chini kama moto ndani ya majivu.

Tarehe 20 mwezi wa 3 mwaka 1993 moto uliwaka sokoni kwa Ntoto, katika Walikale, ukapanda Masisi. Maelfu ya watu waliuawa, na zaidi ya laki mbili walikimbia makwao. Ndipo kilichoshikilia ulezi wa zamani kilipovunjika. Baba mdogo alikimbilia upande mmoja, shangazi upande mwingine, na mtoto akabaki njiani na watu asiowajua.

Mwezi wa 7 mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, karibu milioni moja, na kipindupindu kikawafuata. Watoto waliokuwa peke yao walikutwa kando ya barabara, wengine wamelala karibu na maiti ya mama. Nyumba za yatima zilifunguliwa upesi. Ile ya Ndosho ilijulikana duniani kote. Katika eneo lote la Maziwa Makubwa waliandikwa watoto zaidi ya laki moja waliopotezana na wazazi.

Hapo waliosaidia walijifunza jambo ambalo hawakulitazamia. Nyumba hizo zilikuwa na maziwa, blanketi na dawa. Kambini hamkuwa na kitu. Basi mama wengine waliwaacha watoto wao mlangoni usiku, si kwa kuwachukia, lakini kwa kutaka wapone. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya yatima ilianza kuzaa yatima. Ndipo walipogeuza mawazo: afadhali kumpelekea jirani mzigo wa unga, abaki na mtoto, na kumtembelea, kuliko kujenga jumba lingine. Waamuzi wa mwaka 1905 wangaliona hapo neno lao limepata masikio, baada ya miaka 89.

Lakini vita havikuisha. Mwaka 1996 askari wa AFDL walipita Kivu wakichukua wavulana, nao wakaitwa « kadogo ». Jina hilo lajulikana hata Kinshasa. Baada yake vikaja vita vya mwaka 1998, vya CNDP, vya M23 mwaka 2012 na 2013, na tena tangu mwishoni mwa mwaka 2021. Tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 2024 M23 waliingia Rubaya. Tarehe 27 mwezi wa 1 mwaka 2025 waliingia Goma, na katika mwezi uliofuata kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Watu wakarudi milimani na turubai mgongoni. Kila mwendo wa namna hiyo huwapotezanisha watoto na wazazi.

V. Jamaa za kupokea

Katika miaka hiyo ya taabu ilizaliwa kazi ambayo kwa Kifaransa huitwa « familles d'accueil transitoires ». Mimi nitaziita jamaa za kupokea. Mtoto aliyetoka kwa wenye silaha, ao aliyepotezana na wazazi, hukaa katika jamaa ya namna hiyo kwa muda, mara nyingi miezi michache, wakati wengine wanawatafuta watu wake. Katika Goma chama cha CAJED, pamoja na UNICEF, kimefanya kazi na watoto hao miaka mingi. Msalaba Mwekundu nao hutafuta wazazi na kupeleka habari.

Jamaa huchaguliwa namna gani? Kwanza wanaulizwa majirani, maana majirani wanajua nani anapiga mke na nani analewa. Bwana na bibi wote wawili sharti wakubali. Ukubali wa mmoja hautoshi. Nyumba iwe na mahali pa kulala, na jamaa iwe na kazi yake ya kuishi, isitegemee mtoto. Haifai kuweka watoto wengi katika nyumba moja.

Kisha walezi wanafundishwa. Nitataja mambo makubwa ya mafundisho hayo, sababu yatusaidia sisi pia.

La kwanza: mtoto huyu ni amana. Una kazi ya baba na mama, lakini huna haki ya kumzuia siku baba yake akipatikana.

La pili: usimhoji kama hakimu. Mtoto aliyeona vita atasema siku yake ikifika. Akilia usiku, akikojoa kitandani na ana miaka 13, akinyamaza siku tatu, hajalogwa wala si mkaidi. Mlezi asiyeambiwa jambo hilo atampeleka kwa mwombezi wa kutoa pepo, na mtoto ataitwa mchawi. Sheria ya inchi yamwadhibu anayemshitaki mtoto uchawi.

La tatu: kiboko kisitumike, wala majina ya kumwaibisha. Asiitwe « kadogo » nyumbani, wala « mtoto wa wale ».

La nne: sahani moja, kazi moja. Kama watoto wako wanateka maji mara mbili kwa siku, naye ateke mara mbili. Kama wako wanaenda kusoma, naye aende. Katika Rubaya neno hili ni zito, maana mashimo yako karibu. Umoja wa Mataifa wasema karibu sehemu 15 kwa 100 za koltani ya dunia zatoka milima ile. Mtoto wa miaka 12 anaweza kubeba mchanga ao kuosha mawe akaleta franka jioni. Mlezi mwenye njaa huona franka hizo.

La tano: siri. Habari za mtoto haziendi sokoni. Kuna wanaomtafuta ili wamrudishe porini.

La sita: kuagana. Mlezi afundishwe tangu siku ya kwanza kwamba mtoto atakwenda, na namna ya kumsindikiza bila kumfungia mlango na bila kumfukuza.

Baada ya mafundisho hufuata msaada: godoro, blanketi, nguo, sabuni, chakula kwa muda, mfanya kazi wa jamii anayekuja kutazama na kusikiliza, mara kwa mara, bila kuitwa, na mkutano wa walezi wenyewe, ambapo mama mmoja anasikia mwenzake naye ana mtoto anayelia usiku. Walezi hupata nguvu nyingi katika mkutano huo. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 nayo yamweka mtoto mwenye taabu chini ya ulinzi wa pekee, na iliunda tribinali za watoto. Lakini barabara ni mbaya, vita vimekata inchi vipande, na tribinali iko mbali na Rubaya. Mara nyingi karibu na mtoto hakuna ila mlezi, msimamizi wa kijiji, na katekista.

VI. Neno la franka

Watu hubishana: je, mlezi alipwe? Wengine wasema hapana, upendo hauuzwi. Wengine wasema ndiyo, maana njaa haijui upendo. Wote wawili wana sehemu ya kweli.

Ukimpa mlezi franka kwa kichwa cha kila mtoto, kutakuwa na watu wa kukusanya watoto kama mbuzi, na siku mzazi akipatikana mlezi ataficha habari. Usipompa kitu, jirani mwema atashindwa mwezi wa pili, ao mtoto atatumwa shimoni kutafuta chakula chake mwenyewe. Hekima iliyopatikana kwa taabu ni hii: saidia nyumba nzima, usitie bei juu ya mtoto. Mbuzi wawili, mbegu za maharagwe, mtaji mdogo wa kuuza chumvi, vitu vinavyobaki nyumbani hata mtoto akiisha kwenda. Hivyo mlezi hapotezi kitu kwa kumwacha mtoto arudi kwao, na watoto wake wa tumbo hawamchukii mgeni.

Maandiko Matakatifu hayaoni aibu katika jambo hili. Musa alipookotwa mtoni, binti wa Farao alimtafutia mlezi, akaahidi kumlipa. Naye mlezi yule alikuwa mama yake mwenyewe. Mama huyo alipokea mshahara kwa kunyonyesha mtoto wa tumbo lake, na hakuna mahali Maandiko yanapomlaumu.

VII. Ubatizo wa mtoto aliyepokewa

Hapa nasema na mapadri na makatekista hasa. Mlezi mwema, mkristu wa bidii, atakuja kwako baada ya majuma mawili na kusema: « Padri, mbatize huyu mtoto niliyepewa. » Utafanya nini?

Sheria ya Eklezia ni wazi. Kanuni ya 868 yataka wazazi, ao mmoja wao, ao wale wanaoshika nafasi yao kwa haki, wakubali. Mlezi wa muda hana haki hiyo, wakati wazazi wangali wanatafutwa. Pengine ni wa Kiprotestanti, pengine Waislamu, pengine mtoto alikwisha kubatizwa kwao. Hatari ya kufa ni jambo jingine, na mtoto mwenye akili ya kutosha ataulizwa mwenyewe. Lakini nje ya hayo yafaa kungoja.

Mwenye kuona neno hili ni dogo asome habari ya ndugu wawili, Robert na Gérald Finaly, katika Ufaransa. Wazazi wao, Wayahudi, walikamatwa na Wajerumani mwaka 1944 wakapelekwa Auschwitz, hawakurudi. Bibi mmoja wa Grenoble, Antoinette Brun, aliyesimamia nyumba ya watoto ya mji, aliwaficha. Aliokoa maisha yao, wala hakuna anayemnyima sifa hiyo. Vita vilipokwisha, shangazi zao waliandika kuwaomba. Alikataa. Mwaka 1948 aliwabatizisha, na mwaka 1953 watu wengine wa dini waliwavusha kwa siri hata Uhispania, kusudi tribinali isiwapate. Ikawa fedheha kubwa kwa Eklezia ya Ufaransa, mpaka watoto waliporudishwa kwa jamaa zao mwezi wa 6 mwaka ule.

Bibi Brun hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mlezi aliyeachwa peke yake na upendo wake. Hakuna aliyemwambia mapema: « Mama, kazi yako ni kubwa, nayo ina mwisho. Tutakuwa pamoja nawe siku ya mwisho huo. » Upendo usiofundishwa kuagana huwa wivu, na wivu hupata maneno matakatifu ya kujifunika. Katika Masisi, ambapo mtoto wa lugha hii amelala kwa mlezi wa lugha ile, kosa la namna hiyo halitakuwa aibu ya magazeti tu. Laweza kuamsha vita kati ya milima miwili.

VIII. Parokia yaweza kufanya nini?

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuia ndogo za wakristu, ambazo kwetu twaziita shirika. Kila mlima una yake. Basi hatuhitaji jumba jipya wala fedha ya mbali ili kuanza. Naona mambo manne yaliyo katika mikono yetu.

Kwanza, kitabu. Tuna kitabu cha ubatizo, cha ndoa, cha wafu. Katika parokia yenye vita yafaa kuwa na daftari la watoto waliopokewa: jina la mtoto kama anavyolitamka mwenyewe, jina la baba na la mama, mlima wake, siku aliyofika, nani amempokea. Watoto wa Save wametafuta makaratasi yao miaka 60. Daftari hilo lifungwe katika sanduku, maana katika inchi ya vita orodha ya majina yaweza kuua.

Pili, matembezi. Kiongozi wa shirika awe na mama wawili wanaoingia kila juma katika nyumba yenye mtoto wa kupokewa, si kama polisi, lakini wakibeba kuni ao unga. Macho yao yataona mengi bila kuuliza.

Tatu, mafundisho. Twawafundisha wachumba kwa miezi, twawafundisha wasimamizi wa ubatizo. Mtu anayepokea mtoto aliyeona mama yake akiuawa, twamfundisha siku ngapi? Mchana tatu za mafundisho, pamoja na muuguzi wa santre na mwalimu wa shule, zingetosha kuanza.

Nne, kushirikiana na wafanya kazi wa jamii, na kuwatafuta wazazi. Padri asijifanye hakimu wala asijifiche. Mtoto akipatikana bila watu, habari zake zifike upesi kwa wanaotafuta jamaa, na jambo likitoka katika uwezo wetu liende kwa mwenye haki. Na mlezi akimtesa mtoto, hata akiwa rais wa shirika, hata akiwa katekista, hata akiwa padri, tusimfunike.

Namaliza na mtakatifu Yosefu, ambaye twamwita mlezi wa Bwana wetu Yezu Kristu. Wahubiri humsifu kwa kunyamaza kwake na utii wake. Mimi naomba tuangalie jambo jingine. Mungu alipompa Yosefu mtoto asiye wa mwili wake, hakumwacha ajitafutie njia. Alimfundisha: malaika alimjia katika ndoto kumwambia asiogope kumchukua Maria, alimjia kumwambia akimbilie Misri, alimjia tena kumwambia arudi. Na alimsaidia: mbele ya usiku wa kukimbia, wageni toka mashariki walikuwa wamekwisha kuweka dhahabu nyumbani.

Nyanya yule wa Rubaya anaye mtoto tayari. Malaika hatamjia kumfundisha kama sisi tumelala, na dhahabu ya mlima wake yaenda mbali bila kupita kwake. Jumapili ijayo, baada ya Misa, tumwulize jina la mtoto, na kama unga umebaki.